Hiyo Familia Nyingine

Ipuli, Tabora
21 Julai 2024

Wifi yangu Julieth,

Wangaluka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini huko Ujiji mmeamka salama, ziwa limetulia, na mapacha wako bado hawajabomoa nyumba. Sisi huku ni wazima, ila vumbi la Julai limetuganda hadi kwenye kope. Baba yuko salama Usoke. Tumbaku ameshaipeleka sokoni, sasa kazi yake ni kulalamikia magoti. Sare za shule zimenijaa dukani mpaka cherehani haionekani. Mwanangu Limbu naye ameota mdomo. Jumapili padri aliwauliza watoto nani anataka kuimba, yeye akasimama juu ya benchi akapaza sauti: "Mimi nataka kukojoa!"

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu ndiyo ya wateja wa asali, mume wangu Nestory anaishika kuliko mimi. Na yako najua mdogo wangu Damas anakusomea ujumbe kwa sauti kana kwamba yuko darasani. Hii anakuletea Anselm, yule mtoto wa mama mdogo anayehudumia abiria kwenye treni. Nimemwonya asimkabidhi mtu mwingine.

Sasa sikiliza. Mume wangu amepata wazimu mzuri. Anataka Desemba tuende kisiwani Mafia, kupumzika tu, kama watu wa kwenye televisheni. Anasema bahari ameiona mara moja maishani, tena akiwa juu ya lori la mbao. Nyumba aliyoipata kwa mteja wake ina vyumba vitatu, na Limbu anahitaji wenzake wa kucheza nao. Basi ameniambia: "Tafuta familia nyingine yenye watoto wadogo, twende pamoja."

Nimeshaipata, wifi. Ni nyinyi.

Usiseme lolote kwanza, kaa chini. Limbu atatimiza miaka mitatu Novemba na mjomba wake hajawahi kumbeba. Kila mwaka Damas anakwenda Usoke Krismasi, Nestory anakwenda Mwaka Mpya, na baba anachinja mbuzi wawili kwa ajili ya wanaume wawili wasiotaka kula sahani moja. Nimechoka. Kisiwani mtu hawezi kuchukua kofia yake akaondoka. Ila wakiambiwa mapema, hakuna atakayekwenda. Kwa hiyo wewe utasema "familia nyingine", nami nitasema "familia nyingine".

Nijibu upesi.
Wifi yako mkorofi,
Koleta

*

Ujiji
25 Agosti 2024

Shikamoo wifi,

Barua yako imechelewa, nami nimechelewa zaidi. Anselm alihamishiwa treni ya Mwanza kwa muda, akaizungusha bahasha yako mpaka ikawa na harufu ya chipsi. Hapa tunamshukuru Mungu. Kulwa ameanza kusema sentensi nzima, zote ni amri. Doto hasemi, anauma. Katekista amekuja kututembelea ameondoka na alama ya meno mkononi, na bado akasema mtoto ana kipaji. Zahanati ina wagonjwa wengi wa malaria, narudi nyumbani miguu imevimba.

Wazo lako nimelisoma mara nyingi, mara ya kwanza nikiwa nimejifungia chooni. Linanitisha, na ninalipenda. Damas ukimtajia Nestory hageuki wala hakasiriki, anainuka tu kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti letu ndilo linaloangaliwa kuliko mageti yote ya Ujiji.

Nitakubali, ila nataka kujua jambo moja. Nilipoolewa ugomvi huu niliukuta tayari. Nimemwuliza mume wangu walikosana nini, akanijibu, "Tulipishana kauli." Kauli gani, wifi? Ulikuwepo. Siwezi kumpeleka mtu kwenye maji nisiyojua kina chake.

Nasubiri.
Julieth

*

Ipuli
15 Septemba 2024

Wifi yangu mpenzi,

Marahaba. Pole na miguu, iloweke kwenye maji ya chumvi, ingawa nesi ni wewe. Huku joto limeanza. Nestory yuko porini Sikonge na warina asali wake, amerudi mara moja tu amevimba jicho. Baba anawasalimu, anauliza kama Kigoma mvua imeanza.

Sasa mipango. Sisi tutatangulia kwa basi hadi Dar es Salaam, nyinyi mje kwa treni, kisha kila familia ishuke Nyamisati kivyake na kuchukua boti hadi Kilindoni. Pampasi nunueni kabisa, wanasema kisiwani zipo lakini hazina uhakika. Vyandarua vipo. Majaketi ya watoto ya kuelea nitashona mfuko wa kuyabebea. Unga wa uji wa ulezi niachie mimi. Poti ya Limbu itakuja, maana hataki choo kingine duniani. Nimefikiri juu yake nikacheka peke yangu: babu wa babu yetu alitoka hapa Unyanyembe kwenda pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani, miezi na miezi. Mimi mjukuu wake nakwenda pwani njia ileile nimebeba poti.

Nestory ameniuliza jana, "Hiyo familia nyingine ni akina nani?"
"Rafiki yangu mmoja nesi, na mumewe, na watoto wao wawili wadogo."
"Mumewe ni mtu wa namna gani?"
"Ana mdomo kidogo, lakini moyo wake ni mzuri."
"Mdomo si hoja," akasema. "Mradi asiwe mtu wa kukoroma."
Nimekula kiapo kwamba sijasema uongo hata mmoja.

Nimempa Anselm mfuko wa michembe, viazi vyetu vilevile, nilivianika mwenyewe. Wape mapacha watafune waache watu.

Ulichoniuliza sijakisahau.
Koleta

*

Ujiji
6 Oktoba 2024

Shikamoo wifi,

Michembe tumeipokea, imeliwa siku moja. Hatujambo. Mvua ya kwanza imenyesha, paa la jikoni limevuja, Damas amelipanda na kushuka mara kadhaa na bado linavuja.

Nimemwambia habari ya safari. Kwanza alishangaa: "Mafia? Na mapacha? Kwani kuna mtu ametukosea?" Kisha akaanza kufurahi kidogo kidogo. Sasa anawafundisha watoto majina ya samaki kwa picha. Juu ya familia nyingine nimesema ni mfanyabiashara na mkewe, watu wastaarabu, ndio waliotuletea michembe. Akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa." Hakuuliza zaidi, na hilo ndilo linaloniogopesha, maana mume wangu ni mtu wa kuuliza.

Mimi nipo, ila siku hizi chakula hakinipendi. Migebuka ya ziwani niliyokuwa naila hadi miiba sasa inaninukia toka sokoni. Labda ni uchovu wa kazi. Usijali.

Nimeona umeruka swali langu. Nesi anajua mgonjwa anayeonyesha mguu wakati kidonda kiko mgongoni.
Julieth

*

Ipuli
27 Oktoba 2024

Wifi,

Marahaba. Sisi wazima, Limbu ameanguka kwenye ndoo akapata nundu, nundu inaendelea vizuri.

Migebuka inakunukia? Mtu aliyekulia Ujiji? Mimi ni mshona nguo tu, lakini nadhani nijiandae kushona za Shija. Huku kwetu ndiye afuataye mapacha, hapewi jina jingine. Ukatae ukitaka.

Haya, kidonda cha mgongoni.

Siku niliyojifungua Limbu mvua ilinyesha toka asubuhi, barabara yetu ya Ipuli ikawa mto. Uchungu ulikuja vibaya, damu ikatoka. Jirani alinipakia kwenye bajaji yake, ndani kulikuwa na nafasi ya mimi na mama mmoja wa kunishika. Nestory alibaki kutafuta gari la kunifuata na vitu vya mtoto, na damu yake kama ingehitajika. Gari la kwanza lilikataa. La pili, pikapu, lilizama kwenye tope karibu na reli. Alilisukuma, likashindikana, akaja kwa miguu na mfuko wa nguo za mtoto kichwani.

Damas alikuwa mjini kwa semina ya walimu, akafika hospitali kabla yake. Nestory alipoingia, watu wamejaa kwenye korido, mdogo wangu akamwambia kwa sauti ambayo niliisikia nikiwa kitandani: "Mke si mzinga, shemeji, kwamba unautundika porini unarudi msimu wa kurina."

Mbele za watu, Julieth. Kwa mume wa dada yake, mtu aliyemzidi umri. Kuna aliyecheka. Nestory hakujibu neno. Aliweka mfuko chini polepole, akatoka nje, akasimama mvuani mpaka walipomwita kuja kumwona mwanawe. Toka siku hiyo hajalizungumza, wala mimi sijathubutu kumwuliza. Damas alikuja kuambiwa habari za pikapu na watu wengine. Nadhani aibu ndiyo inayomfungia geti.

Sasa unajua kina.
Koleta

*

Ujiji
17 Novemba 2024

Wifi yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Asante kwa kuniambia. Nilitamani kumwamsha Damas nimpige kibao, halafu nikakumbuka kitu. Kila Novemba mume wangu ananunua shati dogo sokoni, ananiambia ni la mapacha. Siku zote linakuwa kubwa kwao. Nilidhani hajui kupima. Sasa naona anampima mtoto mwingine, kwa kukisia.

Na ndiyo, ni Shija. Nilificha kwa sababu nilijua utanizuia kusafiri, nami nilitaka sana kuiona hiyo bahari. Ila wiki iliyopita nimetokwa damu kidogo. Usiogope, imekoma. Daktari amesema hakuna treni, hakuna boti, hakuna kunyanyua mtoto. Mimi ningemwambia mgonjwa wangu hivyohivyo. Nimelia, nimenyamaza, nimefua.

Damas amesema basi safari ife. Nikamwambia hapana, nenda na watoto, mimi nipumzike. Mama yangu atakuja kukaa nami. Akasema, "Peke yangu? Na hawa?" Nikamwambia huko kuna familia nyingine, watakusaidia. Akasema, "Haya, nitakwenda."

Kwa hiyo nakuletea mwanaume mmoja, mapacha wawili, na hakuna wa kuwashika. Nisamehe kwa kukuachia mzigo wote wa kazi tuliyoipanga wawili. Akikosea, msahihishe. Akilia, mwache alie.
Julieth

*

Kilindoni, Mafia
13 Desemba 2024

Wifi Julieth,

Kabla ya yote: wote wazima, hakuna aliyezama, Doto amemuuma muuza madafu mmoja tu. Unaendeleaje na tumbo? Mama amefika? Lala, usome ukiwa umelala.

Barua hii anakuletea mumeo mwenyewe. Nimeibandika kwa gundi ya viatu.

Tulikuwa gatini tunaisubiri hiyo familia nyingine. Nestory kavaa shati jipya jeupe, Limbu begani. Boti ikafunga, watu wakaanza kushuka, na katikati yao mwanaume mmoja, mtoto mmoja kamfunga mgongoni kwa kanga kama mama, mwingine kwapani, begi kalining'iniza shingoni, uso umemgeuka rangi kwa kichefuchefu. Mume wangu unamjua. Hata hakuangalia ni nani. Alimshusha Limbu, akakimbia kumpokea mtoto wa kwapani. "Lete, ndugu yangu, lete huyu." Akiwa ameshamkumbatia Doto ndipo akainua macho.

Wakatazamana. Nami nikatazama bahari.

Doto akamtapikia shati lote.

"Samahani, shemeji," Damas akasema.
Nestory akajitazama kifua. "Litafuliwa," akajibu, akaanza kutembea na mtoto kuelekea nyumbani.

Chumbani nilipata yangu. "Koleta, umenileta kisiwani kunifunga!" Nikamwambia nilisema rafiki yangu nesi. "Nesi mwenyewe yuko wapi?" Nikamweleza habari ya Shija, akapoa kidogo. Akauliza kama unatibiwa vizuri. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Siku mbili, wifi, nyumba ilikuwa kama baraza la usuluhishi. Walisemeshana kupitia Limbu. "Limbu, mwambie mgeni chumvi iko pale." Mtoto anakimbia hadi kwa Damas, anapaza sauti, "Chumvi!" Damas anasema, "Mwambie baba asante." Limbu anarudi, "Chumvi!" Ndilo neno alilolielewa. Watoto wenyewe hawana habari na ugomvi wetu. Kulwa aliamua toka siku ya kwanza kwamba paja la Nestory ni lake, anamwita Mjomba Asali kwa sababu ya chupa aliyomwonjesha. Na Limbu anamfuata Damas kila mahali, anataka kubebwa kwa kanga kama alivyoona. Nilimwona mdogo wangu akimfunga mgongoni mara ya kwanza. Alichukua muda mrefu sana kukaza fundo.

Siku ya tatu nilikula pweza kupita kiasi. Usicheke. Tumbo lilinikata, nikalala kitandani, na wanaume wawili wakabaki na watoto watatu. Adhuhuri nilikuwa nimeshapona. Sikutoka. Ukuta wa jikoni ni mwembamba na mimi ni mwanamke mwenye masikio.

Nikamsikia Damas anahangaika na pampasi. Halafu Nestory, bila kupitia kwa Limbu: "Usimlaze hivyo, atakukojolea." Damas akasema anajua anachofanya. Kidogo tu nikasikia ukelele. Alikojolewa mpaka shingoni! Na Nestory akacheka, wifi, kile kicheko chake cha puani ambacho hajawahi kukiachia mbele ya Damas toka siku ile.

Baadaye mwiko ukawa unazunguka kwenye sufuria ya uji. Damas akaanza.

"Shemeji. Siku ile uliingia na tope mpaka magotini. Niliona. Niliona kwanza, ndipo nikasema."

Mwiko ukasimama. "Kwa nini?"

"Daktari alikuwa ametoka kuniambia hajui kama dada atapona. Niliogopa. Nilitaka awepo wa kulaumiwa, nawe ndiye uliyeingia."

"Unajua kwa nini sikukujibu?"

"Ulinidharau."

"Hapana," Nestory akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Nilidhani umesema kweli. Nilisimama mvuani nikijiuliza, lile gari la kwanza lilipokataa, kwa nini sikulala mbele yake? Mpaka leo mtoto akiugua hata mafua, nalisikia lile neno lako. Mzinga. Na mizinga ndiyo kazi yangu, Damas. Naiona kila siku."

Damas alilia, Julieth. Nilimwacha alie, kama ulivyosema. Akawa anarudia, "Si kweli, shemeji. Haikuwa kweli hata nilipokuwa nalisema." Nestory hakumwambia "yameisha", si mtu wa maneno hayo. Alisema, "Nimekusikia."

Halafu Limbu: "Baba, uji unaungua!"

Na kweli uliungua, tuliula hivyohivyo, wote mezani pamoja, nami nikajifanya ndiyo kwanza naamka. Macho ya kila mtu yalikuwa mekundu, tukasingizia moshi.

Leo tumekwenda kumwona papa potwe. Ni samaki mkubwa kama behewa, mpole, ana madoa mgongoni. Alipita chini ya boti yetu polepole. Mimi nilishika msalaba wangu. Kulwa akanyoosha kidole: "Ng'ombe!" Nestory, mtoto wa wafugaji wa Nzega, akamjibu bila kucheka, "Huyo hakamuliki, mjomba." Damas alicheka mpaka nahodha akamwambia akae chini.

Wamekubaliana Krismasi tupitie Usoke wote. Baba hatajua la kufanya na mbuzi wa pili.

Ulikosekana, wifi. Kila mara nilipogeuka kukukonyeza, hukuwepo.
Koleta

*

Ujiji
19 Januari 2025

Shikamoo wifi,

Tunaendelea vizuri. Damu haikurudi, mtoto anapiga teke wakati wa rozari. Mama ameondoka jana baada ya kuwafundisha mapacha kuomba samahani. Doto sasa anaomba samahani, ndipo anauma.

Damas alinikabidhi barua yako, akakaa kando yangu muda wote nikiisoma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nilipomaliza nikamwambia, "Nilikudanganya juu ya hiyo familia nyingine."

"Hukunidanganya," akasema. "Nilijua toka mwezi wa kumi."

"Ulijuaje?"

"Mfanyabiashara mstaarabu anayetuletea michembe? Michembe ya dada naijua hata nikifumba macho. Yeye hukata vipande vinene."

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza miezi yote. Akasema, "Ningekuuliza, ungeniambia. Na ungeniambia, ningekataa." Alifikiri tena, akaongeza kwamba kwenye boti alitapika kabla ya watoto, na si kwa sababu ya mawimbi.

Toka arudi anatembea tofauti. Nestory anampigia simu jioni, wanazungumza mambo yasiyo na maana yoyote: bei ya misumari, timu ya Tabora, kama nyuki wanaweza kuishi karibu na ziwa. Mimi nilitegemea maneno mazito, wifi. Naona maneno mazito yalikwisha kwenye ule uji.

Mmesema mtakuja Pasaka, tumefurahi sana. Jana nimerudi kutoka kazini nimekuta uani mbao, randa, na mume wangu kajaa takataka za mbao hadi nyusi. Anatengeneza kitanda. Nikamwambia, "Baba Kulwa, Limbu ni mtoto mdogo, atalala na wenzake. Hiki tano kwa sita cha nini?"

Akalala chali juu ya mbao zenyewe, akanyoosha miguu, akapima kwa jicho palipobaki nafasi. Kisha akainuka akachukua ubao mwingine mrefu zaidi.

"Shemeji ana miguu mirefu," akasema. "Kwangu hatalala amejikunja."

Njooni.
Wifi yako,
Julieth